Jinsi ya Kuanzisha Klabu ya Kompyuta Kongwe Mtaani Kwako

Maswali ni yale yale. Nina Pentium ya mzee iko stoo, nianzie wapi? Tuko wanne tu, lazima tusajiliwe? Mashine imetoka Marekani, mbona nilipoichomeka ilipiga "pa!" na kutoa moshi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia watu wa kwanza mpaka mkutano wa kwanza, na mwishoni kuna sehemu ya matatizo. Umeandikwa kwa mtu wa Tanzania au Kenya, na hasa kwa anayeishi Pwani, ambako unyevu na chumvi ya hewa huua vifaa kimyakimya.

Wengi huanza kwa kuandika katiba, kuchora nembo na kuagiza fulana. Anza na meza, umeme salama na mashine moja inayowaka mbele ya watu. Hayo mengine yatajileta. Na ujue mapema: klabu za namna hii mara chache hufa kwa kukosa mashine. Huuawa na stoo iliyofurika na ugomvi wa "hii monita ni ya nani?"

Mashine gani mtazipata

Usitarajie Apple II au Commodore kwenye kila stoo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zile kompyuta ndogo za nyumbani zilizotamba Uingereza na Marekani miaka ya 1980 zilitupita kwa mbali. Zilizopo ni PC za maofisini na mashuleni: 386 na 486 chache (vizazi vya kabla ya Pentium), Pentium kiasi, Pentium III nyingi, na Pentium 4 za mitumba kwa marundo. BBC Micro ya 1981 au ZX Spectrum ya 1982 ikionekana, aghalabu imekuja kwenye begi la ndugu aliyerudi kutoka Uingereza.

Wekeni mpaka. Ushauri wetu: kuanzia Pentium III kurudi nyuma ni mashine ya klabu, Pentium 4 ni ya vipuri tu. Bila mpaka huo, ndani ya miezi mitatu mtakuwa jalala la mtaa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Watu: watatu hadi watano wanaojitokeza kweli. Mmoja akiwa fundi redio wa zamani, mmepata dhahabu, kwa sababu anajua umeme kuliko vijana wote wa programu.

Vifaa vya kazi:
- Multimita 1
- Bisibisi ya nyota namba 1 na namba 2, bisibisi bapa 1, koleo ndogo ya kukatia 1
- Pasi ya kuchomea risasi ya wati 40 hadi 60, na risasi yenyewe
- Brashi laini za rangi 2, tochi, blowa
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, nusu lita
- Siki nyeupe, kikombe kimoja
- Ekstensheni 2 za ampea 13 zenye fyuzi na waya wa ardhi
- Balbu ya siriesi (maelezo yapo hatua ya 6)
- Kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi au cha unga
- Daftari gumu 1, tepu ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika

Vipuri vya kuanzia:
- Betri za CR2032, kumi
- Pawa saplai ya ATX iliyo nzima, 1
- Monita ya flati yenye tundu la VGA, 1
- Kibodi ya PS/2, 1, na adapta ya kuigeuza iingie kwenye tundu kubwa la duara la mashine za zamani
- Kebo za IDE (zile pana za kuunganishia hadi diski), 2
- Adapta ya kadi ya CompactFlash kwenda IDE, 1, na kadi ya MB 512
- Kifaa cha Gotek, kinachoiga draivu ya flopi kwa kutumia flashi, 1
- Draivu ya flopi ya USB, 1

Monita ya kichogo ni nzuri kwa macho ya mpenzi wa vitu vya kale, lakini usianze nayo. Ni nzito na inakula umeme. Ndani yake mna chaji ya zaidi ya volti 20,000 ambayo inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Weka sheria siku ya kwanza: hakuna anayefungua kichogo isipokuwa fundi wa TV anayeijua kazi hiyo.

Hatua ya 1: Pata watu kabla ya mashine

Tafuta walio na kumbukumbu: wahasibu wastaafu waliotumia Lotus 1-2-3, makatibu muhtasi waliopiga WordPerfect 5.1, walimu wa vyuo vya ufundi, mafundi wa maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue. Ukienda kwa mzee, mpe shikamoo, kaa, muulize alikuwa anafanya kazi na mashine gani. Usianze na "una kompyuta mbovu ya kutupa?" Kwake hiyo si takataka. Wengi wao bado wana vitabu vya maelekezo na diski za asili, ambavyo ni adimu kuliko mashine zenyewe.

Fungueni kundi la WhatsApp, lakini lisizidi kazi yake: tarehe, mahali, picha za mashine. Kundi lenye watu 80 na mkutano wa watu watatu si klabu.

Hatua ya 2: Pata chumba na upige hesabu ya umeme

Darasa la shule siku ya Jumamosi, ukumbi wa maktaba, chumba cha nyuma cha duka la fundi, au kituo cha ubunifu vyote vinafaa. Mombasa wapo SwahiliPot Hub, Dar wapo Buni Hub. Mnachotaka kwa mwenye chumba ni mambo matatu: meza imara mbili, madirisha yanayofunguka, na soketi yenye waya wa ardhi unaofanya kazi.

Pima ardhi kwa multimita: kati ya waya wa moto na ardhi isome karibu sawa na kati ya moto na nyutro, yaani karibu volti 230. Ikisoma sifuri au namba inayoyumba, soketi hiyo haina ardhi. Tafuteni nyingine, kwa sababu mabati ya mashine za zamani yataanza kuwatekenya vidole.

Mashine ya Pentium pamoja na monita ya kichogo ya inchi 15 hula takriban wati 200. Sita ni wati 1,200, sawa na ampea 5 na kidogo. Ekstensheni moja ya ampea 13 inazibeba. Kosa la kawaida ni kuchomeka birika la chai kwenye ekstensheni hiyo hiyo: birika peke yake ni wati 2,000 au zaidi. Chai ipikwe chumba kingine.

Kama mnatumia umeme wa LUKU wa mwenye nyumba, nunueni uniti zenu kabla hajauliza.

Hatua ya 3: Kubalianeni umiliki kwa maandishi

Fanya hivi kabla mashine ya kwanza haijavuka mlango. Kila kitu kinachoingia kinapewa namba, namba inaandikwa kwenye tepu, tepu inabandikwa nyuma ya mashine (mbele itaacha gundi kwenye plastiki iliyozeeka). Daftarini mstari mmoja unatosha:

*014 – IBM PC 300GL, Pentium, haina hadi diski – MKOPO – mwenyewe: (jina na saini) – imeingia 12/4 – ikitupwa, aulizwe kwanza.*

Sehemu ya maana hapo ni ya tatu, MKOPO. Kuna aina tatu tu: ZAWADI (ni ya klabu moja kwa moja), MKOPO (ya mtu, klabu inaitunza), na MATENGENEZO (ya mtu, inarudi ikipona). Asiyechagua, mashine yake isipokelewe. Kitu cha mkopo kisivunjwe kutoa vipuri hata kama kimekufa kabisa.

Wekeni na kikomo cha nafasi: kwa mfano mashine 12, basi. Ya 13 ikija, moja itoke.

Hatua ya 4: Kusanya mashine kihalali

Vyanzo vizuri ni ofisi binafsi zinazohama, shule zenye maabara ya zamani, hospitali za misheni na wauza skrepa. Muuza skrepa hupima kwa kilo na bodi za 486 zina dhahabu, kwa hiyo akikuambia bei usicheke. Ongea naye akupigie simu kabla ya kupasua.

Kwa kila mashine dai karatasi ya makabidhiano yenye jina la mtoaji, namba ya mashine na tarehe. Ofisi ya umma haiwezi kukukabidhi mashine mkononi kwa maelewano tu: mali ya umma ina utaratibu wake wa kufutwa, mara nyingi kwa mnada. Mtunza stoo akikuambia "wewe chukua tu, jioni," usichukue.

Halafu kuna hadi diski. Ya ofisi inaweza kuwa na mishahara ya watu, majina ya wagonjwa au matokeo ya wanafunzi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote hazijali kwamba diski ni ya mwaka 1996. Utaratibu salama: mtoaji aseme kwa maandishi kama yaliyomo yafutwe au arudishiwe diski. Msifungue mafaili "kuangalia tu".

Hatua ya 5: Fungua kabla ya kuwasha

Hapa ndipo mashine nyingi huuawa, na muuaji ni hamu ya kuona kama inawaka. Mashine iliyolala miaka 15 haichomekwi kwenye umeme siku inapofika.

Fungua boksi, mulika kwa tochi. Pwani utakuta viota vya sisimizi, mayai ya mijusi, na mende ndani ya pawa saplai. Toa vumbi kwa brashi ukiwa nje, ukitumia blowa zuia feni kwa kidole isizunguke kwa kasi.

Kisha angalia betri. Kwenye bodi mama nyingi za 386 na 486 kuna pipa dogo la buluu au kijani lenye volti 3.6, limechomelewa kwenye bodi. Hilo ni betri ya nikeli-kadimiamu, na likizeeka huvuja. Maji yake hula njia za shaba, hupanda kwenye tundu la kibodi, na huacha utando wa kijani. Likate leo, hata kama linaonekana zima. Kisha:

- Vaa glavu. Pangusa utando kwa kijiti cha pamba chenye siki. Uvujaji wa betri hii ni wa alkali, siki ni tindikali, hivyo vitatoa povu kidogo na kutulizana.
- Osha sehemu hiyo kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, halafu kwa alkoholi. Siki ikiachwa nayo itakula shaba.
- Kausha siku nzima kivulini penye upepo. Si juani.
- Kwa multimita, pima kila njia iliyobadilika rangi. Iliyokatika irukwe kwa waya mwembamba.

Kurudisha betri: bodi nyingi za aina hii zina pini nne za betri ya nje. Funga kishikizo cha betri tatu za AA, kiweke mbali na bodi, na uhamishe jampa (kile kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili) kama bodi inataka. Usichomelee CR2032 mahali pa pipa la zamani moja kwa moja; bodi itajaribu kuichaji, na CR2032 haichajiwi. Ukilazimika, weka dayodi ya 1N4148 katikati, ule upande wenye mstari ukielekea kwenye bodi.

Bodi za kuanzia Pentium kwa kawaida zina CR2032. Badilisha, basi. Lakini zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zina ugonjwa wao: kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) zilizovimba kichwani au kutoa ute wa kahawia. Kapasita mbadala iwe na maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, ya nyuzi 105, na ya aina ya ukinzani mdogo inayotumika kwenye pawa saplai. Ya redio ya kawaida itavimba tena.

Hatua ya 6: Jaribu pawa saplai peke yake

Kwanza tazama nyuma: kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230? Iwe kwenye 230. Mashine nyingi za mitumba kutoka Marekani zinafika zikiwa kwenye 115. Kwenye 115 saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili, kwa hiyo ukiiingizia 230 yetu kapasita za mbele zinapata karibu volti 650 badala ya 325. Hiyo ndiyo "pa!" ya swali la mwanzo. Kama hakuna swichi na kibandiko kinasema 115 tu, tumia transfoma ya kushusha. Kama kinasema 100–240, haina shida.

Tengeneza balbu ya siriesi: kishikio cha balbu kikae kwenye waya wa moto kati ya plagi na soketi ya majaribio. Tumia balbu ya zamani inayopata moto, wati 60 hadi 100. Ya LED au enaji seva haifai. Chomeka pawa saplai hapo. Balbu ikimweka mara moja na kufifia, vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, chomoa. Fundi redio wako anaijua mbinu hii kuliko unavyoweza kumweleza.

ATX huwashwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi kubwa. Pima hivi, ikiwa imefungwa hadi diski moja mbovu kama mzigo, na safari hii ikiwa kwenye soketi ya kawaida:

- Nyekundu: volti 4.75 hadi 5.25
- Njano: 11.4 hadi 12.6
- Rangi ya chungwa: 3.14 hadi 3.47

Zikitoka nje ya hapo, usiikaribishe kwenye bodi mama.

AT, ya zamani zaidi, ina mitego miwili. Swichi ya mbele ya boksi inabeba volti 230 kamili kupitia zile nyaya nne nene, kwa hiyo kagua gamba lake la plastiki kabla ya kuigusa. Na plagi zake mbili za bodi, P8 na P9, hukaa sambamba: nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, bodi imekwenda.

Tahadhari moja ya ziada: baadhi ya kompyuta za Dell za mwaka 1998 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina plagi inayofanana na ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti. Usichanganye na za wengine bila kulinganisha rangi.

Mashine za Uingereza zina yake: pawa saplai ya BBC Micro ina kapasita za gamba la uwazi la manjano zinazopasuka kwa uzee na kujaza chumba moshi mkali. Zibadilishwe kwa za daraja la X2 kabla ya kuwasha. Na Commodore 64 isiwashwe kwa adapta yake ya asili bila kupima. Adapta hizo zikichoka hupandisha ile volti 5 na kuchoma chipu.

Hatua ya 7: Washa mashine tupu

Bodi mama, prosesa, memori, kadi ya picha, spika ndogo. Hakuna kingine.

Memori ina idadi yake. Vijiti vya pini 30 kwenye 386DX na 486 huwekwa vinne vinne; vya pini 72 kwenye Pentium huwekwa viwili viwili; vya pini 168 kimoja kinatosha. Ukiweka kimoja pale panapotaka vinne, mashine haisemi kitu na utadhani imekufa.

Kisha sikiliza. BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi mama) ya AMI ikilia mara tatu, memori. Mara nane, kadi ya picha. Award ikilia mara moja ndefu na mbili fupi, kadi ya picha. Kimya kabisa huku feni inazunguka: toa memori, sugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa alkoholi, rudisha. Pwani dawa hii peke yake hufufua mashine nyingi ajabu.

Hatua ya 8: Diski na programu

Hadi diski za zamani zinakufa. Ikiwaka, nakili kwanza yaliyo halali kunakili, ndipo ucheze. Kwa kazi ya kila siku ya klabu tumia kadi ya CompactFlash. BIOS nyingi za kabla ya 1994 hazioni zaidi ya MB 504 (kwa hesabu ya 1,024), ndiyo maana tumeorodhesha kadi ya MB 512: watengenezaji huhesabu kwa elfu moja, hivyo inaingia ndani ya mpaka huo. DOS za FAT16 (mpangilio wa zamani wa mafaili kwenye diski) hazitengenezi sehemu inayozidi GB 2, kwa hiyo kadi ya GB 32 ni hasara tu.

Kwa programu, FreeDOS ni bure na halali, na inatosha kuonyesha mashine ikifanya kazi. Windows 95 na 98 zina leseni. Tumieni nakala iliyokuja na mashine.

Flopi: fungua kile kibati na utazame. Madoa meupe ni ukungu. Usiiingize, maana ukungu utabaki kwenye kichwa cha draivu na kukwaruza flopi zote zitakazofuata. Safi zinakiliwe kwa draivu ya USB kwenye Linux:

`dd if=/dev/sdb of=flopi-014-01.img bs=512`

Hakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb ni flopi kweli, na usibadilishe nafasi ya if na of, hilo hufuta. Faili likikamilika liwe na baiti 1,474,560 kamili: njia 80, pande 2, sekta 18, baiti 512. Pungufu ya hapo, flopi ina majeraha. Rudia kwa `ddrescue`.

Na muwe na jicho la vitu vya kwetu. Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ni kitu cha kutafutwa na kutunzwa. Hali kadhalika programu za mishahara, za maduka na za shule zilizoandikwa na watu wa hapa. Michezo ya DOS ina watunzaji dunia nzima; hizi hazina mwingine.

Hatua ya 9: Mkutano wa kwanza

Jumamosi moja kwa mwezi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, tarehe isiyohama. Ratiba inayofanya kazi:

- 4:00 – kupanga meza, kukagua ekstensheni
- 4:30 – mtu mmoja anaonyesha mashine moja kwa dakika 20, iwe inawaka tayari
- 5:00 – kazi za mikono, watu wawili wawili kwa mashine
- 7:15 – kuzima, kuandika daftari, kufagia
- 7:45 – nani ataonyesha mwezi ujao

Ile mashine ya kuonyeshwa ijaribiwe siku moja kabla. Mgeni akija mara ya kwanza akaona watu watano wameinamia boksi lisilowaka kwa saa tatu, harudi. Mkalishe kwenye kibodi mwenyewe ndani ya dakika kumi za kufika, hata kama ni kuandika jina lake tu kwenye kioo cheusi.

Hatua ya 10: Fedha na usajili

Kwa miezi mitatu ya kwanza hamhitaji usajili. Mchango mdogo wa kila mwezi, risiti au ujumbe wa simu kwa kila shilingi, na mweka hazina asiwe ndiye mnunuzi. Matumizi yatumwe kwenye kundi kila mwisho wa mkutano.

Sajilini mnapotaka akaunti ya benki, ruzuku au chumba cha kudumu. Tanzania, kikundi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Chama kamili huenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Huko kote mtaombwa katiba, orodha ya viongozi na muhtasari wa kikao, kwa hiyo andikeni mihtasari tangu mwanzo.

Mambo yakikwama

*Mashine inawaka, kioo cheusi.* Jaribu monita kwenye kompyuta nyingine. Kisha memori, kisha kadi ya picha kwenye tundu jingine.

*Inasahau saa na diski kila ikizimwa.* Betri. Kama umebadilisha na bado inasahau, kagua jampa ya kufuta kumbukumbu ya BIOS. Huenda imeachwa upande wa kufuta. Kama bodi ina kibonge cheusi kilichoandikwa Dallas, betri imo ndani ya kibonge, tafuteni mbadala wake mzima.

*Taa ya draivu ya flopi haizimiki.* Kebo imegeuzwa. Mstari mwekundu ukae upande wa pini ya 1.

*Gotek haisomi flashi.* Ifomatiwe FAT32. Kama Gotek ina programu yake ya kiwandani, badilisha uweke FlashFloppy, ambayo ni ya bure.

*Inazima yenyewe baada ya dakika kumi.* Feni ya prosesa imekwama kwa vumbi, au krimu ya joto imekauka na kuwa unga. Safisha kwa alkoholi, paka mpya kiasi cha punje ya mchele.

*Umeme unakatika na kurudi katikati ya kazi.* Zimeni swichi zote ukutani mara tu unapokatika. Unaporudi, subirini dakika tano, washeni mashine moja moja.

*Vifaa vinaota kutu stoo.* Vitoe sakafuni, angalau futi moja juu. Kadi na diski zikae kwenye maboksi ya plastiki yenye mfuniko na vipakiti vya silika, vile vya kwenye maboksi ya viatu. Washa kila mashine nusu saa kila miezi miwili.

*Wanachama wanapungua.* Hesabu ni mikutano mingapi mfululizo mtu mmoja amezungumza peke yake.

*Mwanachama amefariki, familia inataka vitu vyake.* Fungua daftari. Kilichoandikwa MKOPO kirudi siku hiyo hiyo, kikiwa kimepanguswa, pamoja na kebo zake.

*Mna rundo lisilotengenezeka.* Toeni skrubu, feni, chipu na vishikizo. Kilichobaki kisichomwe wala kutupwa dampo. Kioo cha kichogo kina risasi nyingi na moshi wa nyaya ni sumu. Nairobi kuna WEEE Centre. Kwingine ulizeni mamlaka ya mazingira, NEMC (Tanzania) au NEMA (Kenya), ni mkusanyaji gani mwenye kibali aliye karibu, na mpigieni simu kabla ya kukodi kirikuu, maana si wote wanaopokea vioo vya kichogo.